Somo: Video inayogoma kwenye slaidi za PowerPoint

Wakuu, habari za jioni. Somo hili ni kwa yeyote anayepeleka ukumbini slaidi zenye video: mwalimu, mwanafunzi anayetetea tasnifu, MC mwenye picha za maharusi. Nyumbani inacheza vizuri. Ukumbini, kwenye kompyuta ya watu, unabonyeza na kupata kiboksi cheusi. Wengi hukimbilia kufuta PowerPoint na kuiweka upya. Acheni hiyo, programu mara nyingi haina kosa.

Hatua ya 1: Je, video imo ndani ya faili?

PowerPoint 2007 na za nyuma yake hazikubeba video, zilikumbuka tu ilipohifadhiwa kwenye kompyuta yako. Kuanzia toleo la 2010 video inapachikwa ndani, isipokuwa kama uliiingiza kwa Link to File. Fungua File, kisha Info. Ukikuta Edit Links to Files, kuna kitu umekiacha nje. Futa video hiyo na uiingize upya kupitia Insert, Video, This Device.

Ukitaka kuona kwa macho, tengeneza nakala ya faili la pptx, badilisha mwisho wa jina lake uwe zip, ulifungue na uchungulie folda ya ppt, kisha media. Kama video haimo humo, usihangaike na kitu kingine.

Hatua ya 2: Kodeki

Kesi nyingi zinaishia hapa. Kodeki ni programu ndogo inayofungua video iliyobanwa ili ichezwe. "Mbona VLC, ile programu ya kuchezea video, inaicheza?" VLC inatembea na kodeki zake yenyewe, PowerPoint inategemea zile za Windows. Na mp4 ni chupa tu, haikuambii kilichomo. Kinachotakiwa ndani ni picha za H.264 na sauti ya AAC. Simu nyingi za iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, hurekodi kwa HEVC. Kompyuta isiyo na kodeki hiyo itakuandikia Codec unavailable, au utasikia sauti bila kuona picha.

Dawa yangu ni HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video. Buruta video uidondoshe humo, chagua Fast 720p30, hakikisha Format ni MP4, bonyeza Start Encode. Kisha ingiza hiyo mpya kwenye slaidi. Video ya 4K kwa projekta ya ukumbi wa kawaida ni kujitafutia kukwama.

Hatua ya 3: Inacheza lakini inakatakata

Usiendeshe slaidi kutoka kwenye flashi, nakili faili kwenye kompyuta kwanza. Kisha punguza uzito: File, Info, Compress Media. Bado? Nenda File, Options, Advanced, shuka hadi Display, uweke tiki kwenye Disable Slide Show Hardware Graphics Acceleration.

Hatua ya 4: Picha ipo, sauti haipo

Ukichomeka HDMI, Windows mara nyingi huhamishia sauti kwenye projekta, ambayo huenda haina spika. Bonyeza alama ya spika chini kulia, uchague spika unazotaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimetumiwa slaidi kwa barua pepe, video haiitiki hata nikibonyeza.
Jibu: Tazama juu, kama kuna utepe wa njano wa Protected View bonyeza Enable Editing. Ila uwe unamfahamu aliyekutumia.

Swali: Video yangu ni ya YouTube, nayo nimeipachika. Kuna shida?
Jibu: Ulichopachika ni kiungo, video yenyewe bado iko YouTube. Ukumbi usipokuwa na intaneti, andaa bando la simu, au umwombe mwenye video akupe faili.

Swali: Video inaanza yenyewe kabla sijamaliza kuongea!
Jibu: Ibofye, nenda Playback, kwenye Start uchague When Clicked On. Wakati wa kuwasilisha, bonyeza juu ya video yenyewe. Ukibonyeza pembeni utahamia slaidi inayofuata.

Swali: Kwa nini nisigeuze slaidi zote kuwa video moja nikamaliza kazi?
Jibu: Kwa harusi, sawa kabisa: File, Export, Create a Video. Kwa kutetea tasnifu sikushauri. Mtahini akisema "turudi kwenye ule mchoro", utaanza kusogeza video mbele na nyuma huku wanakuangalia.