Kutengeneza picha za gari za kompyuta: anza na barabara

Magari mengi unayoyaona kwenye matangazo hayakuwahi kusimama mbele ya kamera. Gari ni modeli ya kompyuta, barabara ndiyo ya kweli. Na kwa kuwa rangi ya gari inaakisi kila kilichoizunguka, mazingira mabovu huiharibu modeli nzuri. Kwa hiyo shughulikia barabara kwanza.

Tuseme umechagua njia ya udongo mwekundu nje ya Jinja, Uganda. Piga kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Huku karibu na ikweta jua la mchana husimama utosini, kivuli hujificha chini ya gari na mbavu za bodi hupotea. Piga picha ya mandhari kwa lenzi ya mm 50, kamera ikiwa mita 1.2 kutoka chini, na uandike vipimo hivyo pamoja na mwinamo wa kamera. Bila vipimo hivyo, gari litaonekana linaelea.

Kisha hamishia stendi pale pale gari litakaposimama, ukapige HDRI, yaani picha ya duara zima inayobeba mwanga halisi wa mahali. Tumia lenzi ya mm 8, pande nne, kila upande picha saba zinazopishana stopu mbili (yaani kila moja ina mwanga mara nne ya nyingine). Usiguse ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi wala mizani ya rangi. Badilisha kasi ya shata tu. Jua huwa kali kupita uwezo wa picha hizo, na matokeo yake ni kivuli hafifu kisicho na kingo. Lifute jua kwenye HDRI, uweke taa ya jua ya Blender (programu ya kutengeneza picha za 3D) yenye upana wa nyuzi 0.53 upande uleule. Wengine hupakua HDRI ya bure ya Ulaya. Utaijua picha yao: udongo mwekundu, lakini sehemu ya chini ya milango ni ya kijivu, haina hata chembe ya wekundu.

Modeli huweza kutoka kiwandani kama faili la STEP, yaani mchoro wa kihandisi wa 3D. Lifungue kwa FreeCAD, programu ya michoro ya kihandisi, uligeuze kuwa poligoni (vipande vidogo bapa) kwa mkengeuko usiozidi mm 0.1 na nyuzi 5 kutoka umbo halisi. Ukilegeza zaidi, mng'ao wa boneti utavunjikavunjika. FreeCAD huhesabu milimita, Blender mita, kwa hiyo ingiza kwa kipimo cha 0.001. La sivyo gari la mita 4.5 litakuwa na urefu wa kilomita 4.5. Kingo kali za milango na boneti zilainishe kwa mm 1 hivi, maana kingo kali kama wembe hazishiki mwanga.

Rangi ina tabaka mbili: ya chini yenye chembe za metali, na vanishi juu yake (IOR, yaani kipimo cha kupinda kwa mwanga, iwe 1.5). Vioo vipe unene, mm 4 hivi. Kioo cha ukuta mmoja hupindisha kila kilicho ndani. Tairi zibonyeze kidogo zinapogusa ardhi.

Kama gari linatembea, piga hesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa na tairi yenye mzunguko wa mita 2, shata ya 1/50 inataka rimu izunguke nyuzi 60 na gari lisogee sentimita 33. Rimu iliyosimama kwenye gari linalokimbia ni kichekesho.

Usigeuze picha kama kwenye kioo ili kupata gari la usukani wa kushoto: maandishi yatasomeka kinyume na kifuniko cha mafuta kitahamia upande mwingine. Tengeneza modeli ya pili, ukibadilisha usukani, dashibodi na waipa. Huhitaji kwenda mbali kuona umuhimu wake. Rwanda na Kongo tayari wanaendesha kulia. Hata mandhari itahitaji barabara ya upande huo.

Renda (itoe picha ya mwisho) kwa EXR, faili linalohifadhi mwanga wote, ukiwa na Cryptomatte, inayokuwezesha kuchagua kila sehemu ya gari peke yake, ili mteja akitaka rangi nyingine usirudie kila kitu. Video irende fremu mojamoja, si faili moja la MP4: umeme ukikatika unapoteza fremu moja tu. Kwa chapa ya A3, pikseli 4961 kwa 3508 zinatosha. Bluu kali hufifia kwenye CMYK, yaani wino nne za uchapaji, kwa hiyo mwonyeshe mteja karatasi iliyochapwa kabla hajaidhinisha.