SOMO: Namna ya kubashiri mechi ya ufunguzi wa msimu (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Wakuu, kila Agosti ikikaribia naulizwa jambo lile lile: "Nani anashinda mechi ya kwanza?" Naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitamrudisha huku. Mifano mingi ni ya Ligi Kuu ya England kwa kuwa wengi wetu tunaifuata.

Hatua ya 1. Fungua msimamo wa msimu uliopita, utazame tofauti ya mabao kabla ya pointi.

Hatua ya 2. Nani yuko nyumbani? Kwa wastani wa miaka mingi pale England, mwenyeji hushinda kama mechi 45 katika kila 100, sare huwa kama 25, zinazobaki ni za mgeni. Anzia hapo, kisha sogeza namba kadiri unavyopata habari.

Hatua ya 3. Mechi za kirafiki zisikulevye. Mwaka 2014 Manchester United ya kocha Louis van Gaal ilikwenda Marekani, ikaipiga LA Galaxy 7-0, ikaifunga Liverpool 3-1 kwenye fainali ya mashindano ya maandalizi. Tarehe 16 Agosti ikarudi Old Trafford ikafungwa na Swansea 2-1. Kwenye kirafiki kocha anaweza kubadilisha karibu kikosi kizima mapumziko, na mpinzani anatafuta pumzi, hatafuti pointi. Matokeo yaache. Chukua mambo mawili tu: mabeki gani wa kati walianza pamoja mechi ya mwisho, na nani anapiga kona.

Hatua ya 4. Hesabu watakaoanza, usihesabu waliosajiliwa. Hapa ndipo mikeka (tiketi za kubashiri) inapochanika, kwa hiyo tulia usome taratibu.

Tarehe 13 Agosti 2021, Brentford waliocheza ligi ya juu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 74 waliikaribisha Arsenal. Aubameyang na Lacazette, washambuliaji wa Arsenal, hawakuwepo, walikuwa wagonjwa. Aliyeandika utabiri wake Jumatano aliibashiri Arsenal ambayo haikufika uwanjani. Canós wa Brentford akafunga la kwanza. La pili litazameni tena mkipata nafasi: mpira wa kurusha mrefu unaingia ndani ya boksi, unadunda katikati ya watu bila mtu kuuondoa, Nørgaard anaumalizia kwa kichwa. 2-0.

Leicester nao walianza msimu wa 2016/17 wakiwa mabingwa, ila kiungo wao N'Golo Kanté alikuwa ameshauzwa Chelsea. Wakafungwa 2-1 na Hull City iliyotoka kupanda, haina kocha wa kudumu, na wachezaji wazima wa kikosi cha kwanza wanahesabika.

Tahadhari:
- Kukiwa na mashindano makubwa kiangazi, angalia nani alifika mbali. Fainali ya Euro 2024 ilichezwa 14 Julai, ligi ikaanza 16 Agosti. Rodri, kiungo wa Manchester City na Hispania, aliumia kwenye fainali ile na hakucheza City ilipokwenda Chelsea. Haaland, mshambuliaji wa City ambaye Norway yake haikufuzu, alikuwa amepumzika. City walishinda 2-0 na yeye akafunga.
- Dirisha la usajili huwa bado wazi. Mchezaji anayetaka kuondoka anaweza kuachwa nje bila kuwa majeruhi.
- Usajili wa wiki ile mara nyingi huanzia benchi.

Hatua ya 5. Timu iliyopanda daraja usiidharau, usiitukuze. Brentford walishinda ufunguzi. Burnley 2023 walifungwa 3-0 na City nyumbani kwao.

Hatua ya 6. Andika asilimia tatu: mwenyeji, sare, mgeni. Jumla iwe 100. Mechi ya kwanza habari ni chache, kwa hiyo ukijikuta umeandika 85 rudi hatua ya 4.

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Buguruni: Mkuu maelezo marefu, nipe tu timu tatu za uhakika.
Jibu: Timu ya uhakika haipo. Soma hatua ya 6.

Kijana wa Buguruni: Sasa somo la nini kama huna uhakika?
Jibu: Ni la kukadiria vizuri kuliko jana. Chelsea walikuwa mabingwa 2017, beki wao Cahill akapewa kadi nyekundu mapema, Burnley wakaondoka Stamford Bridge na ushindi wa 3-2. Kadi ile hakuna aliyeiandika kabla. Anayekuuzia uhakika anakula hela yako.

Dada wa Makorora: Kaka, asante. Je, nikitaka matokeo kamili, mfano 2-1, napataje?
Jibu: Swali zuri, dada. Kadiria wastani wa mabao kwa kila timu, tuseme mwenyeji 1.5 na mgeni 1.2, uingize kwenye kanuni ya Poisson, hesabu inayogeuza wastani kuwa nafasi ya kila idadi ya mabao. Programu yoyote ya majedwali inayo. Kwa namba hizo 1-1 inapata kama asilimia 12, 1-0 kama 10, 2-1 kama 9. Ona: hata matokeo yenye nafasi kubwa kuliko yote yanakosekana mara 88 katika 100. Ndiyo maana napenda asilimia tatu za hatua ya 6.

Mzee wa Jangwani: Na Ngao ya Jamii, ile mechi ya kufungua msimu wetu, Simba na Yanga? Hatua ya 2 inafanyaje kazi?
Jibu: Shikamoo mzee. Haifanyi kazi. Wakikutana uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, hakuna mgeni, na 2023 walicheza Mkwakwani, Tanga. Futa faida ya nyumbani, ongeza sare. Tena tenganisha dakika 90 na nani atabeba kombe: mwaka ule ziliisha 0-0, Simba wakashinda kwa penalti 3-1 kwa mikono ya kipa wao Ally Salim. Aliyeandika sare na aliyeandika Simba wote walikuwa na hoja.

Mpenda Takwimu: Kwani odi za kampuni za kubashiri (namba inayozidishwa na dau lako ukishinda) hazitoshi?
Jibu: Zinasaidia, ila zisafishe kwanza. Gawa 1 kwa kila odi, uzidishe kwa 100 upate asilimia. Odi za 1.50, 4.33 na 6.50 zinatoa 66.7, 23.1 na 15.4, jumla 105.2. Hiyo 5.2 ya ziada ni ya kampuni. Gawa kila namba kwa 1.052: zinabaki 63.4, 22 na 14.6. Linganisha na zako. Mkipishana sana, tafuta wanachojua wao.

Dada wa Makorora: Vikosi vinatoka saa ngapi?
Jibu: Kwa England, kama saa moja na robo kabla ya mpira. Agosti tunawatangulia London kwa saa mbili, kwa hiyo mechi ya Ijumaa ya saa mbili usiku kwao ni saa nne usiku kwetu. Saa tatu kasorobo uwe na simu mkononi, urekebishe asilimia zako, uziandike na tarehe, usizifute tena.