Una biashara Dodoma na wewe uko nje? Soma hii kabla hujatuma rauta

Mbukwenyi ndugu zangu mlioko nje. Mimi niko hapa Dodoma, kazi yangu ni kufunga mitandao kwenye lodji, maofisi, zahanati na maduka, na wateja wangu wengi siku hizi ni nyinyi, mtu yuko Reading au Minneapolis au Muscat, kajenga Ihumwa, Nzuguni au Iyumbu, maana tangu serikali ihamie huku wageni wa kulala hawakosi na treni ya SGR ilipoanza kufika Julai 2024 ndo kabisa. Mnatuma vifaa vizuri sana, mimi mwenyewe nafurahi nikifungua boksi. Ila rauta, kile kifaa cha kugawa intaneti, hata iwe nzuri, kwenye jengo lenye umeme mbovu haidumu, na rauta ambayo paswedi yake anayo mtu mwingine si yako hata kama risiti ina jina lako. Hayo mawili ndo nataka tuongee leo, mengine ni madogo.

Tuanze na adapta. Dada mmoja yuko Marekani alituma rauta ya biashara mpya kabisa, bado ina nailoni, shemeji yake akaipokea, akaona pini bapa za kule haziingii kwenye soketi yetu, akatafuta kile kidude cha kubadilisha pini, akachomeka. Ikalia tap, kama bisi inaruka kwenye sufuria, halafu harufu ya plastiki ikajaa mapokezi. Nilipofika nikaigeuza ile adapta, maandishi madogo yanasema INPUT 120V 60Hz, basi, hamna kingine. Umeme wetu ni 230V, 50Hz. Kile kidude kinabadilisha umbo la pini tu, umeme kinauacha vilevile. Rauta yenyewe ilikuwa inakula 12V, so nikatafuta adapta nyingine ya 12V ampea 2, nikahakikisha chanya iko katikati ya pini kama ile iliyoungua, ikawaka. Ilipona, zingine huwa haziponi.

Kwa hiyo kabla hujafunga boksi igeuze adapta usome. Ikiandikwa 100-240V, 50/60Hz tuma bila wasiwasi. Ikiwa 120V peke yake iache hukohuko, adapta utapata hapa. Wa Uingereza na Oman nyie mna unafuu maana plagi zenu za pini tatu ndo hizihizi zetu. Wa Ujerumani na Uswidi volti ziko sawa ila pini mbili za mviringo haziingii vizuri, na hapa ndo naona kitu kinaniuma kila siku, mtu anachukua kifuniko cha peni au kijiti anakichomeka kwenye tundu la juu la soketi ili yale mawili ya chini yafunguke. Lile tundu la juu ni la erthi, yaani waya wa usalama unaoshusha umeme ardhini. Mtoto au mfanyakazi akizoea kuingiza vitu kwenye soketi, siku moja ataingiza msumari kwenye tundu lisilo lenyewe. Tafadhali tuma na plagi sahihi, au mwambie fundi akate afunge ya pini tatu.

Sasa erthi. Wengi wananiambia adapta ya rauta haina pini ya erthi so erthi haituhusu. Inatuhusu sana, maana UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), swichi ya chuma ya kugawa kebo za mtandao, kabati la vifaa na zile ekstensheni za kuzuia umeme mkubwa zote zinategemea kuumwaga ule umeme wa ziada ardhini, na kama ardhini hakuna njia basi unapita kwenye vifaa vyako. Ukanda huu ni mkavu, mvua zetu zinaanza kama Desemba zinaisha Aprili, baada ya hapo udongo unakauka mpaka unapasuka, na udongo mkavu hausafirishi umeme vizuri. Nilishaenda jengo moja la ghorofa, zuri, vigae vinang'aa, nikafuata waya wa erthi mpaka nje nikakuta fimbo ya kopa imekatwa, iliyoingia ardhini ni kama urefu wa mkono wangu, nikaishika kwa vidole viwili nikaichomoa. Mwenye nyumba alishalipia fimbo nzima.

Usiniamini mimi wala fundi mwingine kwa maneno, omba ipimwe kwa mashine ya kupima erthi, ipimwe mwezi wa tisa au wa kumi wakati ardhi imekauka, na utumiwe picha ya kipimo kikiwa kinasoma namba. Ikipimwa Februari baada ya mvua itasoma vizuri halafu kiangazi ikuangushe. Kazi ya umeme apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mwambie akutumie picha ya leseni, hatakasirika kama anayo. Kuna wanaojaza mkaa na chumvi kwenye shimo la erthi, inasaidia, ila chumvi inakula ile fimbo, so shimo liwe na kifuniko linakaguliwa, sio limwagiwe zege juu lisahaulike.

Radi ni jirani wa erthi. Mvua za kwanza hapa zinakuja na radi kali, na kinachoua vifaa mara nyingi sio radi kupiga nyumba yako, inapiga mahali halafu umeme unapanda kwenye waya wowote mrefu ulioko nje. Mteja wangu mmoja alikuwa na kebo ya kopa inatoka jengo kubwa mpaka kibanda cha mlinzi getini, kama mita 60, imepita juu kwenye nguzo, usiku mmoja tu swichi, kamera nne na rauta vikaenda vyote. Tangu hapo jengo kwa jengo nafunga faiba, kebo yenye uzi wa kioo ndani, hata kama ni mita 30. Unaweka kiboksi cha kubadilisha faiba huku na kingine kule, gharama si kubwa kama watu wanavyodhani, na kioo hakipitishi umeme. Ila ile faiba ya kuning'iniza ina waya wa chuma pembeni wa kuibebea, ule waya uishie nje kwenye nguzo, usiingie na kebo ndani mpaka kwenye vifaa, nimeona mafundi wazuri tu wanalisahau hilo. Na radi ikianza hakuna kupanda bati wala kushikashika kebo za nje, wageni watasubiri.

Kebo za ndani pia kuna ujanja sokoni. Boksi limeandikwa Cat6, aina ya kebo ya mtandao, bei nzuri, kumbe ndani ni alminiamu iliyopakwa kopa juu. Chukua kiwembe ukwangue waya mmoja, ukiona weupe chini ya ule wekundu rudisha. Inakatika kirahisi kwenye viungio, na ukipitisha umeme wa kamera humo inapata moto. Tukiwa hapohapo kwenye kupitisha umeme kwa kebo, ile wanaita PoE, kuna vifaa vya 24V na vya 48V na tundu la kebo ni lilelile. Kifaa cha 24V ukikipa 48V ya kulazimisha, ile inayotoka bila kukiuliza kifaa kwanza, kimekwisha. So vile viboksi vya umeme visichanganywe, kila kimoja kibandikwe jina la kifaa chake kwa peni ya wino usiofutika. Na kebo moja isizidi mita 100.

Kuhusu wapi pa kukaa rauta, sio darini. Chini ya bati la Dodoma mchana ni tanuri. Sio chini ya kaunta pia ambako kuna ekstensheni moja inabeba birika la umeme, pasi na chaja sita. Ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mtu, soketi yake peke yake, na kila mwezi mtu apulize vumbi maana upepo wa Agosti unaingiza vumbi hata dirisha likiwa limefungwa.

Kuunganisha kwenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Kile kiboksi cha kampuni ya faiba kinatoa kebo, inaingia kwenye tundu la WAN la rauta yako, ndo la kupokea intaneti, mara nyingi lina rangi tofauti. Ukiichomeka LAN, yale matundu ya vifaa vya ndani, vifaa viwili vitagombania kugawa anwani na utasikia "intaneti inakuja inaondoka". Kiboksi na rauta vyote vikiwa na anwani 192.168.1.1 badilisha ya rauta yako iwe kitu kingine. Nchi kwenye mipangilio iwe Tanzania, kuna rauta za Marekani zimefungiwa masafa ya kule hazikubali kubadilika, uliza kabla hujanunua, na kifaa kiwe aina iliyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Tuje kwenye paswedi, na hapa nasema kwa uchungu maana nimeona ndugu wakikosana. Kaka mmoja, jengo lake, vifaa vyake, mkataba wa intaneti ukaandikwa kwa jina la fundi "kwa haraka", paswedi ya rauta anayo fundi. Fundi akagombana na mdogo wake kaka kuhusu hela, akahamia mkoa mwingine, simu haipatikani. Ilibidi tuifute rauta yote tuanze sifuri, vocha za intaneti za wageni, kamera, kila kitu, siku tatu wageni hawana mtandao. Mkataba uandikwe kwa jina la biashara, namba na barua pepe zako. Akaunti kuu ya rauta iwe yako, paswedi ndefu uitunge wewe, fundi mfungulie akaunti yake na akimaliza uifute. Nakala ya mipangilio itumwe kwako siku hiyohiyo.

Paswedi ya kiwandani ibadilishwe kabla kebo ya intaneti haijachomekwa, sio baada. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha waifai kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi, zima kuingia kwenye rauta kutoka nje, halafu sasisha programu yake. Mnakumbuka 2018 kulikuwa na tundu la usalama kwenye programu ya rauta za MikroTik, hizi ambazo huku tunazipenda kwa vocha, dawa ilitoka Aprili mwaka huohuo ila wasiosasisha waliendelea kuingiliwa na wadukuzi miezi mingi baadaye. Niliwahi kukuta moja hapa mjini bado iko kwenye toleo la zamani na imefunguliwa kwa dunia nzima ili bosi aone kamera akiwa nje. Kamera ziangalie kwa VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wako ukiwa mbali, na kumbuka Oktoba 2023 TCRA ilitangaza wanaotumia VPN wazisajili, so isajili kwa jina la biashara ulale usingizi. Kama unatumia laini ya simu kuna uwezekano mkubwa huna IP, yaani anwani ya intaneti, yako mwenyewe, omba kampuni ikupe kabla fundi hajahangaika wiki nzima.

Wageni wawe na waifai yao, kompyuta ya mapokezi na kamera ziwe mtandao mwingine kabisa. Hiyo kompyuta ina majina, simu na vitambulisho vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakutaja wewe mwenye biashara, sio mgeni wako.

Ukija likizo usiondoke bila kujaribu. Zima swichi kuu wewe mwenyewe, angalia rauta inabaki hewani muda gani. Hizi betri ndogo za rauta zikiandikwa 8800mAh hizo ni za 3.7V, yaani wati-saa kama 32, rauta ya 12V ampea 1.5 ikila yote inamaliza chini ya saa mbili, na kiboksi cha faiba nacho kinahitaji yake. Halafu ingia waifai ya wageni kwa simu ujaribu kufungua ukurasa wa rauta, ukifunguka kazi haijaisha, usimlipe fundi hela ya mwisho.

Yule dada wa Marekani alinipigia juzi saa sita usiku wa huku, "Kaka, rauta imekufa tena." Nikampigia mlinzi, akasema taa zote zimezima, kwa jirani zinawaka. Ilikuwa LUKU, umeme wa kulipia kabla ulikuwa umeisha. Betri ilishikilia mpaka ikachoka. So ili uweze kununua umeme ukiwa huko, namba ya mita ibandikwe ukutani pembeni ya rauta na picha yake ubaki nayo kwenye simu.