Nguzo isitoboe slabu: kukagua slabu isiyo na boriti, hatua kwa hatua

Assalamu alaykum wanasaiti. Siku hizi, ukipita Fuoni au Chukwani, kila mwenye kujenga fleti anataka dari tambarare, boriti isionekane. Namfahamu. Fomu (mbao za kumwagia zege) inakuwa rahisi, mabomba na nyaya hupita popote, na ghorofa haipandi juu bure. Lakini mzigo uliokuwa ukibebwa na boriti sasa wote unakwenda kukusanyika kwenye kichwa cha nguzo. Hapo ndipo nguzo inaweza kuitoboa slabu, ikatoka juu na kipande cha zege chenye umbo la koni, na slabu iliyobaki ikashuka chini.

Hili haliji kwa salamu. Boriti ikizidiwa hupinda kwanza, ukaona nyufa, mlango ukagoma kufunga. Slabu inayotobolewa inaweza kushuka kwa mpigo mmoja, na mzigo wake ukaangukia nguzo za jirani, nazo zikatoboa. Seoul, mwaka 1995, duka kubwa la Sampoong liliporomoka namna hii na kuua watu 502. Nguzo zilizochorwa na kipenyo cha sm 80 zilikuwa zimejengwa na sm 60.

Tuchukue mfano wetu na tuukague kwa kanuni za Eurocode 2, yaani kanuni za Ulaya za kusanifu majengo ya zege. Nguzo ni za mm 400 kwa 400, zimepangwa kila mita 6 pande zote mbili. Slabu ina unene wa mm 250, zege fck 25 (yaani nguvu yake ya kugandamizwa ni 25 N/mm²).

Hatua ya 1: mzigo. Uzito wa slabu ni 6.25 kN (kilonewton) kwa mita mraba, sakafu na plasta 1.5, matumizi pamoja na kuta nyepesi 3. Zidisha mizigo ya kudumu kwa 1.35 na ya matumizi kwa 1.5, utapata kama 15. Nguzo ya katikati inabeba mita mraba 36, basi 540 kN.

Hatua ya 2: kina cha nondo, yaani d. Juu ya nguzo zinazovutika ni nondo za juu, kwa hiyo d hupimwa kutoka chini ya slabu hadi kwenye nondo hizo. Kifuniko, yaani zege linalofunika nondo, mm 35 (hewa ya bahari haina huruma na nondo), nondo za mm 16 matabaka mawili. Wastani wa d ni mm 200.

Hatua ya 3: mzingo wa kukagulia. Umbali wa 2d kutoka uso wa nguzo, pembe zikiwa za duara: 4 × 400 + 4 × 3.14 × 200, kama mm 4,113.

Hatua ya 4: mkazo. Mzigo haujigawi sawasawa kuzunguka nguzo, kwa hiyo tunauzidisha kwa 1.15, ikiwa nafasi za nguzo hazipishani zaidi ya robo na kuna kuta zinazozuia jengo lisiyumbe. 1.15 × 540,000 ÷ (4,113 × 200) = 0.755 N/mm².

Hatua ya 5: uwezo wa zege. Ni 0.12 × k × kipeuo cha tatu cha (100 × uwiano wa nondo × fck). Hapa k ni 1 jumlisha kipeuo cha pili cha 200/d, isizidi 2. Uwiano wa nondo ni eneo la nondo ukiligawa kwa eneo la zege lenye kina d; nondo za 16 kila mm 100 zinatoa asilimia 1. Jibu ni 0.70.

0.755 imezidi 0.70, slabu haijapita. Ongeza nguzo ziwe mm 500 na mkazo unashuka hadi 0.69, inapita kidogo tu. Mimi ningeweka na ringi vilevile, yaani nondo za kusimama zinazoshika nondo za juu na za chini karibu na nguzo. Kagua pia usoni pa nguzo, hata ile ya mm 400: 1.15 × 540,000 ni 621,000, na 621,000 ÷ (1,600 × 200) = 1.94, na kikomo chake kwa zege hili hakishuki chini ya 3.6, hapo hakuna tabu.

Sasa naomba msome hili taratibu. Asubuhi moja Chake Chake, mashine ya zege imeshawashwa, nilipanda kwenye fomu nikaingiza tepu kati ya nondo za juu kwenye nguzo ya katikati. Ilisoma 150. Vijana walikuwa wanapita na makarai juu yake tangu alfajiri, na viti vya kushikilia nondo vilikuwa vichache, vya waya mwembamba, vimelala kama nyasi. Kwa d ya 150 mkazo unakuwa 1.19 na uwezo 0.77. Sentimita tano tu! Niliwazuia, mkandarasi akakasirika sana, tukapoteza siku nzima kutengeneza viti vya nondo ya 12 na kutandika mbao za kupitia. Ningezuia tena leo. Mchoro ukiwa mzuri namna gani, d inaamuliwa na miguu ya watu siku ya kumwaga.

Jambo jingine: angalau nondo mbili za chini kila upande zipite katikati ya nguzo. Slabu ikitoboka, hizo ndizo zinazoining'iniza isianguke.

MASWALI

Fundi nondo, Wete: Mwalimu, ringi hizo nizianzie wapi?

Mzunguko wa kwanza kati ya 0.3d na 0.5d kutoka usoni pa nguzo, kwetu mm 60 hadi 100. Nafasi hadi mzunguko unaofuata isizidi 0.75d, yaani mm 150. Zishike nondo za juu na za chini. Na slabu ya chini ya mm 200 usiitilie ringi za kazi hii, ongeza unene.

Fundi bomba, Mwanakwerekwe: Tundu la choo la mm 300, nimeambiwa nilibane na nguzo lisionekane.

Usikubali, ndugu yangu. Tundu hilo linakula kama mm 830 za mzingo, mkazo unapanda kutoka 0.755 hadi karibu 0.95. Tundu lolote lililo ndani ya 6d, yaani mita 1.2 kutoka kwenye nguzo, mwambie mhandisi kabla ya zege, si baada.

Mwanafunzi, Unguja mjini: Na nguzo za pembeni?

Badala ya 1.15 tumia 1.4 kwa nguzo ya ukingoni na 1.5 kwa ya kona. Mzigo ni mdogo, lakini mzingo nao umekatwa, na mara nyingi ndiyo inayofeli.

Mama mwenye nyumba, Kisauni: Mwanangu, juu ya sakafu kuna ufa umezunguka nguzo kama bangili. Fundi anasema atapiga plasta.

Shikamoo mama. Plasta isubiri. Mtoe kila mtu chini na juu ya hapo, tangi la maji limwagwe, na fundi asimamishe mirunda kuzunguka nguzo hiyo, ishuke ghorofa hadi ghorofa mpaka ardhini. Mhandisi aje leo leo, aukague ufa huo kabla haujafunikwa.