Somo: Tuunde saa ya mkimbiaji wa milimani

Ukishika barabara ya Chunya kutoka Mbeya mjini, unapanda tu. Ile pesi ya dakika 5 kwa kilomita uliyoizoea tambarare itakumaliza mapema, na saa inayokuonyesha pesi peke yake ndiyo inayokuponza. Kwa hiyo saa yetu inatanguliza mwinuko na mapigo ya moyo. Pesi ikae ukurasa wa pili.

Vifaa. Bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo inayoendesha saa), moduli ya GPS ya NEO-6M, sensa ya mgandamizo wa hewa BMP280, skrini inayosomeka juani bila taa, mshipi wa kifuani wa Bluetooth wa kusoma mapigo, na betri ya lithiamu ya miliampea-saa 500 na saketi yake ya kuchajia. Chipu hizi zinataka volti 3.3 na betri iliyojaa ina 4.2, hivyo weka kidhibiti volti katikati.

Mwinuko. Usiuchukue kwenye GPS. Setilaiti zote unazozipokea ziko juu yako, hakuna hata moja chini ya ardhi, ndiyo maana kipimo cha kwenda juu huyumba kuliko cha pembeni. Tumia hewa. Ukipanda, mgandamizo wake hushuka, na tunaupima kwa hektopaskali: pwani, kushuka kwa hektopaskali 1 ni kama kupanda mita 8. Huku kwetu, kwenye mita kama 1,700, hewa ni nyepesi, hivyo hektopaskali 1 ni kama mita 10. BMP280 inatofautisha hata mita moja, ila lazima uitunze.

Sensa inahitaji tundu la kuingizia hewa, na saa yangu ya kwanza niliitobolea upande wa juu. Asubuhi moja nimesimama kando ya barabara nafunga kamba za kiatu, nikaona namba za mwinuko zinapanda na kushuka mita kumi na kitu. Tone la jasho, dogo kama punje ya mtama, lilikuwa limeziba tundu. Sasa natoboa ubavuni, kwa ndani naweka kipande cha sponji nyeusi: inavunja upepo na inazuia mwanga, maana sensa hii huchanganywa na mwanga pia.

Jumla ya mita ulizopanda. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukijumlisha kila mtikisiko wa nusu mita, saa iliyolala mezani itapanda Mlima Rungwe usiku kucha. Iambie programu ihesabu pale tu mwinuko unapozidi mita 2 kutoka alama iliyopita.

Halafu kuna jambo la saa za siku. Katika nchi za joto mgandamizo hufika kilele karibu saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi kama saa kumi alasiri, mara nyingi kwa hektopaskali 2 au zaidi. Hizo ni mita 20 za uongo. Kabla ya kuanza, ingiza mwinuko wa mahali unapoujua.

Betri. GPS hula kama miliampea 40, bodi 40 ukiwa umezima Wi-Fi, vingine 10. Jumla 90. Nahesabu miliampea-saa 400 tu za uhakika, sawa na saa nne na nusu hivi. Anayemaliza marathoni kwa saa tano ndiye anayeihitaji zaidi, na ndiye itakayemzimikia. Kama unamtengenezea huyo, weka betri ya 800.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Njombe:* Kaka, mapigo si tungesoma kwa sensa ya mwanga mkononi?

Dada, kwa baridi ya Njombe ya mwezi wa saba mishipa ya mkononi inasinyaa na damu inapungua. Tena sensa hiyo inaweza kufuata mtikisiko wa hatua badala ya moyo. Mshipi wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, na ESP32 inaupokea kwa Bluetooth.

*Mdau wa Iringa:* Mteremko asilimia ngapi tunaupataje?

Gawa mita ulizopanda kwa umbali. Mita 30 ndani ya mita 500 ni asilimia 6. Usipige hesabu kwa umbali ulio chini ya mita 100, namba itarukaruka.

*Mdau wa Tukuyu:* Huku mvua haikauki. Tundu si litaingiza maji?

Litaingiza, ndugu yangu. Bandika juu ya tundu utando unaopitisha hewa ila si maji, na kingo zote ziba kwa silikoni. Kisha izamishe kwenye bakuli la maji nusu saa ukiwa hujaweka betri, uifungue, uikague kwa karatasi ya chooni. Ikilowa hata pembe moja, rudia kuziba.