Kuunganisha programu ya laptop na seva ya MQTT bila dirisha kuganda

Hii kitu nimeulizwa sana na vijana hapa Moshi wanaojifunza Python, sa naiandika mara moja. Kuna jamaa anakusanya maziwa Kibosho, tangi la kupozea liko kule juu na yeye ofisi iko mjini, alikuwa anapiga simu kila saa kuuliza joto limefika ngapi maana likipanda kutoka nyuzi 4 likakaa huko hasara ni yake. Tukamwekea kidirisha kwenye laptop, namba inabadilika yenyewe.

Programu yako haiendi kuuliza seva kila sekunde, inajiunga tu na topiki, yani jina la mkondo wa data, mfano maziwa/kibosho/joto, af data ikija inaletewa. Ndo MQTT hiyo, ilibuniwa 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa setilaiti, ndo maana haili bando. Seva yake inaitwa broka, mi natumia Mosquitto. Kuanzia toleo la 2.0 ukiiwasha hivihivi inasikiliza mashine yake yenyewe tu, kwaio kwenye mipangilio andika listener 1883 na uweke faili la nywila, na kama inapita intaneti weka TLS (inayoficha data njiani), poti 8883.

Kwenye laptop piga pip install paho-mqtt, ndo maktaba ya Python ya MQTT. Mifano mingi ya zamani inaanza na jina la klayenti, ukiikopi kwenye toleo la 2 inagoma, andika hivi:

c = mqtt.Client(mqtt.CallbackAPIVersion.VERSION2, client_id="ofisi1")

Hiyo client_id kila mashine iwe na yake! Mi nilikopi programu kwenye laptop ya pili bila kubadilisha, zikawa zinafukuzana, huyu akiingia broka anamtoa yule, yule anarudi anamtoa huyu, nikashinda siku nzima nalaumu mtandao wa simu na mvua.

subscribe (amri ya kujiunga na topiki) iweke ndani ya on_connect, fankisheni inayoitwa kila ukiunganishwa na broka, sio chini yake, ili mtandao ukikata ukarudi ijiunge tena yenyewe.

Sasa panapowaliza wengi ni hapa. c.loop_start() inafungua thredi yake pembeni (kazi inayokwenda sambamba na dirisha), na on_message, fankisheni inayopokea data ikija, inaitwa kutoka huko, ukigusa lebo ya Tkinter (maktaba ya Python ya madirisha) kutoka huko dirisha linaweza kuganda au programu ife ghafla, tena sio kila mara, yani inakusubiri mteja awepo ndo inakuaibisha. Dawa ni foleni, q = queue.Queue(): on_message ifanye kazi moja tu, q.put(msg.payload.decode()), af upande wa dirisha tengeneza fankisheni, iite chota, inayochota q yote, inabadilisha lebo, inamalizia na root.after(100, chota). Basi.

Kingine, umeme ukikatika Kibosho dirisha linabaki na ile 4 ya zamani na jamaa anakunywa chai zake. Kwa hiyo kwenye kifaa cha tangini, kabla ya connect, weka will_set("maziwa/kibosho/hali", "imekata", qos=1, retain=True), yani ujumbe wa wosia ambao broka inautunza (retain ni broka kuhifadhi ujumbe wa mwisho), na laptop ijiunge na topiki hiyo pia. Kifaa kikinyamaza, keepalive (muda wa kimya unaoruhusiwa) ikiwa 60 broka inasubiri kama sekunde 90 af inautangaza yenyewe. Kifaa kikiwaka tena kitume "ipo" kwenye topiki hiyohiyo, nayo na retain, la sivyo laptop ikifunguliwa asubuhi itakuta "imekata" ya jana.