Jinsi ya kuomba kibali cha ujenzi wa nyumba yako (na hela inapoishia kabla hata hujafika kwenye linta ya juu ya milango)

Wengi wetu tunaanza na tripu ya mchanga. Umepata kahela, fuso inakuja inamwaga, fundi anakuja na kamba na mambo, wiki ya pili msingi umechimbwa, na kibali utasikia kwa mara ya kwanza siku mtu wa halmashauri akipita na rangi nyekundu akakuandikia X ukutani. Jirani yangu yalimkuta hayo akiwa kozi ya sita, yani mstari wa sita wa tofali. Alisimamishwa, akalipa faini, alafu akaanza kuomba kibali kile kile ambacho angekiomba mwanzo, na shimo la choo likabidi lifukiwe lichimbwe upya mana lilikuwa limeegemea mpaka wa mtu. Mimi nilianza na kibali, sio kwamba nina akili sana ila niliogopa, na hapa nje kidogo ya Dar nilipojenga nyumba ya vyumba vitatu ya kawaida ya chini nilijifunza vitu kadhaa ambavyo nadhani vitakusaidia. Utaratibu ni karibu ule ule kwa halmashauri zote za Tanzania Bara, tofauti kubwa iko kwenye ada na kasi ya watu wa ofisi.

Kitu cha kwanza ni kiwanja, ramani itakuja baadae. Halmashauri inataka kuona kwamba ardhi ni yako, kwahiyo andaa nakala ya hati, kama hati haijatoka basi barua ya toleo (ile ya kukugawia kiwanja), au nyaraka za mauziano na makabidhiano kama ulinunua kwa mtu, pamoja na risiti ya kodi ya ardhi ya mwaka huo. Kama unadaiwa kodi ya ardhi kalipe kwanza, usijidanganye kwamba hawataangalia. Kama ulinunua kwa mtu fanya upekuzi ofisi ya ardhi ujue jina lililopo kwenye rejista ni la nani, alafu mpeleke mpima akuonyeshe bikoni zako, yani alama za mipaka, ziko wapi, kwa macho yako, mguu kwa mguu. Ukiona bikoni moja haipo usimsikilize mtu anayekwambia "ilikuwa hapo hapo karibu na mwembe".

Hapo hapo angalia barabara na maji. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mikoa, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bahari. Kuna barabara zenye hifadhi kubwa zaidi ya hiyo, waulize wa Kimara waliobomolewa 2017 kwenye barabara ya Morogoro, na baadhi yao walikuwa na makaratasi. Kiwanja kikiwa kimeguswa na hayo hakuna ramani itakayokuokoa, bora ujue ukiwa bado hujamwaga mchanga.

Kama eneo lenu halijapimwa na una karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, nenda kwa afisa mipango miji uulize mtaa wenu uko hatua gani ya urasimishaji. Wengi wanaruka hapa wanajenga tu, siwalaumu sana, ila ujue unajenga bila kinga.

Sasa ramani. Hapa ndipo nilipoliwa mimi. Nilichukua ramani nzuri tu iliyokuwa inazunguka kwenye grupu la WhatsApp, nikaiprinti, nikaipeleka, ikarudishwa ndani ya dakika kumi. Haikuwa na namba ya kiwanja, haikuonyesha karo la maji taka, na nyumba yenyewe ilikuwa pana kuliko kiwanja kinavyoruhusu. Michoro ya kuombea kibali inatakiwa ionyeshe jengo lote, yani ramani ya sakafu, mikato (nyumba ikionekana kama imekatwa toka juu hadi chini), sura za nje pande zote, msingi na paa, alafu namba ya kiwanja na mahali kilipo, jina la mmiliki, jina la mchoraji na ujuzi wake na anuani yake, ukubwa wa kiwanja na jengo linachukua kiasi gani cha hicho kiwanja, matumizi (makazi, biashara, au vyote), sehemu ya kupaki gari, umbali toka kila mpaka hadi kwenye ukuta, na mfumo wa kutoa maji taka. Huo umbali toka mpakani ndio mafundi wanaita setbaki. Kwangu mimi niliambiwa niache mita 3 mbele na moja na nusu pembeni, kwako inaweza kuwa tofauti kwasababu inategemea na ujazo wa eneo, yani viwanja vya hapo vimebanana kiasi gani, kwahiyo kabla hujamlipa mchoraji nenda kamuulize afisa mipango miji hiyo namba, ni swali la dakika mbili na ni bure. Mi sikuuliza, nikachorewa mara mbili, laki 4 ikawa laki 6 na nusu.

Seti za michoro wanazotaka kwa kawaida ni tatu, na kama ni ghorofa unaongeza michoro ya mhandisi inayoonyesha nondo, nguzo na slabu. Kwenye ghorofa usitafute njia ya mkato hata siku moja. Msanifu awe amesajiliwa na AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi), injinia awe wa ERB (bodi ya wahandisi), mkandarasi wa CRB (bodi ya makandarasi), na unaweza kupeleleza jina lake kwenye bodi husika kabla hujampa hata shilingi. Baada ya lile ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 sidhani kama kuna haja ya kumueleza mtu kwanini.

Kupeleka maombi: siku hizi halmashauri nyingi wanatumia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unajisajili kwa namba yako ya NIDA, unapakia vitu. Skani vizuri, sio picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Kama mtandao unakusumbua nenda ofisini kitengo cha mipango miji uulize wao wanapokea vipi, wengine bado wanataka na makaratasi ya mkononi, na ukienda jitahidi uwe pale asubuhi mana saa nane watu wako saiti.

Baada ya hapo faili linazunguka. Mipango miji wanaangalia matumizi ya ardhi na setbaki, ardhi wanaangalia umiliki, afisa afya anaangalia choo, karo na hewa ya vyumba, injinia anaangalia uimara, na zimamoto nao wana sehemu yao hasa kwa majengo makubwa. Kuna mtu atakuja saiti kuangalia kiwanja. Weka bikoni zionekane, fyeka majani, na uwepo mwenyewe au umuache mtu anayejua mipaka, mtu asikute vichaka akaondoka akaandika "haikuonekana" alafu faili lako likalala. Langu lilikaa wiki sita kasoro. Nilikuwa napita kila baada ya siku kumi, nasalimia, nauliza liko meza ya nani. Kusalimia tu na kuuliza liko kwa nani inasaidia kuliko kugomba.

Ada inategemea na ukubwa na aina ya jengo na kila halmashauri ina viwango vyake, kwahiyo usichukue namba ya rafiki yako wa wilaya nyingine ukaiweka kwenye bajeti. Cha muhimu ni kwamba unalipa kwa kontrol namba, benki au kwa simu, na risiti inatoka. Mtu akikwambia "nipe mimi nikulipie" mwambie akutumie kontrol namba. Hamna namba, hamna malipo.

Wakati faili linazunguka usikae bure, mana huo ndio muda mzuri wa kupiga hesabu kwa ramani ambayo sasa ni ya kweli. Hesabu niliyofanya mimi ni hii: kuta zote za nyumba ukizinyoosha mstari mmoja zilikuwa mita 84, kwenda juu mita 3, hapo ni mita za mraba 252, nikatoa milango na madirisha zikabaki kama 215. Mita moja ya mraba inakula tofali kama 10 za inchi 6, kwahiyo 2,150, ongeza za msingi na zinazovunjika, nikaishia 3,000. Mfuko mmoja wa simenti ukitaka tofali ya maana unatoa 30 mpaka 35, nikachukua 32, ikawa mifuko 94, kwa bei niliyonunua ya 15,500 ni milioni 1 na laki 4 na ushee, bado mchanga, maji na mfyatuaji. Ndani ya hiyo kuna elfu 1 ya kila mfuko iliyoongezwa na bajeti ya 2023, shilingi 20 kwa kilo, ambayo kwangu peke yake ni 94,000. Mfyatuaji akikwambia anatoa 50 kwa mfuko mshukuru umuache aende, hizo ukizishika na kidole zinamwagika.

Kitu ambacho hakikuwa kwenye hesabu yangu ni mteremko. Kiwanja kilionekana tambarare, kumbe toka kona moja hadi nyingine kinashuka karibu mita moja, kwahiyo upande mmoja nikaongeza kozi nne za msingi, alafu ndani pote pakajazwa kifusi, tripu juu ya tripu. Nilikuwa nimetenga milioni 6 kufika kwenye jamvi, yani zege la sakafu, nikatoka na milioni 9 na laki 4. Kwahiyo ukiwa saiti na mpima wako muombe akupimie na mteremko, ni kazi ya nusu saa, na mchoraji aionyeshe kwenye mkato wa msingi. Boma lenyewe, yani kuta tupu, ndio sehemu rahisi kuliko zote, watu wanadanganyika hapo wanaona nyumba imeisha. Kupaua na finishing ndio vinakausha mfuko, mbao, bati, jipsamu, madirisha, milango, wairing, mabomba, vigae, kila kimoja ni mradi wake. Ndio maana barabara nzima unaona maboma yameota majani.

Kibali kikitoka kisome chote, mbele na nyuma. Kina muda wake, kina masharti, na hati yako nayo mara nyingi ina sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, usije ukasahau. Nakala bandika saiti kwenye mfuko wa nailoni, yenyewe weka nyumbani. Toa taarifa unapoanza, na wakija kukagua msingi kabla hujamwaga zege waache wakague, nilipata hapo ushauri wa bure kuhusu nondo za kona ambao fundi wangu hakuwa anaujua na hakupenda kuusikia. Ukitaka kubadilisha kitu, kuongeza chumba au kusogeza choo, rudi na mchoro uliorekebishwa. Ukijenga tofauti na kilichopitishwa ni sawa na huna kibali.

Umeme omba mapema kidogo wakati wairing inaisha, kupitia NIKONEKT ya TANESCO. Toka Januari 2022 mjini kuunganishiwa umeme wa njia moja (ule wa kawaida wa nyumbani) ndani ya mita 30 bila nguzo ilikuwa 320,960, na ukihitaji nguzo bei inapanda kwa kishindo, wakati vijijini ilikuwa 27,000. Kwahiyo kama jirani yako ana nguzo karibu na mpaka, hiyo ni sababu nzuri ya kuweka sehemu ya mita upande ule kwenye ramani toka mwanzo.

Mwishoni omba ukaguzi wa mwisho upate ruhusa ya kuhamia, karatasi ambayo karibu hakuna anayeifuata na ambayo benki wakija kukuuliza siku moja utatamani ungekuwa nayo. Na ukishawasha taa usishangae, kodi ya jengo inakatwa ndani ya LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu kama ni ghorofa.